Kutoka ualimu kwenda saikolojia

Mdogo wangu wa Tukuyu, umeuliza kama shahada yako ya ualimu inakuruhusu kusoma mwaka mmoja tu wa uzamili Uingereza kisha uitwe mwanasaikolojia. Hongera kwa kuuliza kabla ya kulipa ada.

Kozi hizo za kuvukia kutoka fani nyingine kuingia saikolojia zipo, na nyingi ni za mwaka mmoja. Ila hakikisha kozi imetambuliwa na chama chao cha wanasaikolojia, BPS. Isipotambuliwa, hata iwe nzuri vipi, haikupi msingi wa kuendelea na mafunzo ya taaluma. Na ikitambuliwa, umefika mlangoni tu: saikolojia tiba kule inadai shahada ya uzamivu ya miaka 3. Ukirudi nyumbani, cheti kitapitia Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ili kitambuliwe.

Kabla ya kufika huko, ulizia hapa kwetu. Chuo Kikuu cha Iringa kinafundisha saikolojia ya unasihi, na Muhimbili wana uzamili wa saikolojia tiba. Soma vigezo vya kujiunga neno kwa neno, maana shahada ya ualimu si kila mahali inakubalika.

Nami nilianzia ubaoni. Kijana mmoja wa kidato cha pili alikaa ofisini kwangu karibu kipindi kizima akibandua rangi ya benchi kwa kucha, kisha akasema, “Mwalimu, mama hajarudi.” Sikujua nimjibu nini. Siku ile ndiyo iliyonirudisha darasani, safari hii kama mwanafunzi wa saikolojia. Kama nawe una siku ya namna hiyo, iandike kwenye barua yako ya maombi.