Kichwa Kikilewa Chini ya Maji

Wiki hii kijana mmoja wa Tanga anayesomea kuongoza wazamiaji kaniandikia: "Dada, nifanyeje nizoee kina, naitrojeni isinipande kichwani?" Haizoeleki, mdogo wangu. Nawajibu na ninyi wengine, maana najua nyote mnaitaka kazi hii.

Kila mita 10 unazoshuka, mgandamizo unaongezeka sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Kwenye mita 30 unavuta hewa iliyoshindiliwa mara nne, na hapo naitrojeni, gesi iliyojaa kwenye hewa tuvutayo, ambayo nchi kavu haina habari na wewe, huanza kulewesha. Tena mlevi wake hajijui.

Kule Pemba niliwahi kuongoza mgeni, mzamiaji mkongwe kunishinda. Tulikubaliana tugeuke mtungi ukibaki na bar 120 (bar ni kipimo cha mgandamizo wa hewa mtungini). Kwenye mita 38 nikamuuliza kwa ishara amebakiza ngapi. Akaishika geji, akaikodolea macho weee, kisha akanifanyia duara kwa vidole: safi! Nikauliza tena. Duara tena, na macho yanacheka. Nikaigeuza geji mwenyewe: 90. Nikamshika mkono, tukapanda taratibu. Tulipokaribia mita 20 akaitazama geji upya, akashtuka kama aliyemwagiwa maji usingizini.

Kufika juu, akanishtaki kwamba nimemkatizia starehe. Bosi wangu wa wakati ule akanifokea mbele ya mabaharia: mwanamke mwoga. Inaniuma hadi leo. Ila sasa viongozi wapya nawapima mimi, na bosi yuleyule huniletea wa kwake.

Kwa hiyo, amueni mambo yote mkiwa bado kwenye boti: kina, bar ya kugeukia, nani anamwangalia nani. Kule chini hakuna kujadiliana. Lala vizuri, pombe iache. Uchovu, baridi na kuhema ovyo huzidisha ulevi. Ukiona mwenzako anajibu kivivu, mpandishe. Mita chache tu akili hurudi, lakini usikurupuke: isizidi mita 9 kwa dakika, kisha simama dakika 3 kwenye mita 5. Wapiga mbizi wa majongoo waliopooza miguu huku pwani hawakupigwa na jini, jamani. Ni mapovu ya naitrojeni hiyohiyo mwilini, kwa kushuka sana na kupanda mbio.

Nawe wa Tanga, mita 40 ndiyo mwisho wako. Ukiambiwa ushuke zaidi ili mgeni apate picha, kataa, hata akisema anayekulipa.