Re: Dada yangu anataka kwenda umisionari nje, atapoteza nini hasa?
Mkuu, mi niko Mwanza na wamisionari tumeishi nao toka enzi za babu, watu wanawaza malaria na chakula lakini hayo mtu anazoea tu, ugali na sato nani anashindwa bana. Kinachouma ni misiba. Kuna padre mmoja mzungu alikuwa parokiani kwetu, mama yake akafariki huko kwao, nauli na ratiba vikagoma, mazishi akayaangalia kwenye simu, kesho yake asubuhi yuko altareni kama kawaida ila alipofika pa kuwaombea marehemu akanyamaza kimya mpaka katekista akamsogelea. Zamani ndo ilikuwa balaa, Alexander Mackay wa CMS (shirika la wamisionari Waanglikana wa Uingereza), Mskoti yule, katoka kwao 1876 hajarudi tena, malaria ikammalizia Usambiro huku kusini mwa Ziwa Victoria 1890. Siku hizi angalau kuna likizo na WhatsApp (mtandao wa visiwani usiutegemee sana lakini). Dada aulize shirika lake mapema, likizo ni baada ya miaka mingapi na mzazi akifa nauli analipa nani, tena apewe kwa maandishi, asione aibu.