Mjomba, Daraja Haliongei

Juzi usiku msomaji mmoja aliniandikia, na ameniruhusu niuweke ujumbe wake hapa: "Kaka, mimi natunga nyimbo. Tangu nifiwe na mume wangu sijamaliza hata ubeti mmoja. Kila mtu ananiambia nipumzike. Nimepumzika miezi minane sasa. Nasikia na wewe uliwahi kukwama. Ulitokaje?"

Dada yangu, pole sana. Hilo neno "nimepumzika" nimelirudia mara nyingi, kwa sababu na mimi niliambiwa hivyo hivyo. Nikatii, nikapumzika karibu mwaka mzima, na siku nilipoishika tena penseli mkono ulikuwa mzito kuliko siku nilipoiweka chini. Kwa hiyo sitakuambia upumzike. Nitakuambia ucheze. Najua neno hilo linavyomchoma mtu aliyefiwa, lakini nivumilie nikusimulie.

Mimi ni mchoraji wa vitabu vya watoto. Kwa miaka 14 nilikula kwa mkono huu, na nasema wazi kwamba niliijua kazi yangu. Kisha kikaja kikao kimoja. Mhariri, ambaye simtaji na sitamtaja, alitandaza michoro yangu 12 mezani, akaipitia kimya, halafu akawageukia wenzake badala ya kunigeukia mimi: "Hizi picha zimekufa. Au ni macho yangu?" Hakuna aliyenitetea. Mmoja wao, ambaye nilimfundisha kazi mimi mwenyewe, alikuwa akiangalia simu yake. Nilikusanya karatasi moja moja, nikazilinganisha kingo kwa kingo, kana kwamba zikinyooka vizuri na mambo yatanyooka. Wiki tatu baadaye tukamzika baba.

Miaka imepita na bado nimeiandika aya hiyo meno yamekaza. Nimemsamehe, lakini sijasahau, na sioni kwa nini nijifanye nimesahau.

Miezi iliyofuata sina mengi ya kusema juu yake. Nilikuwa nachora mguu wa punda, naufuta, nachora tena, nafuta, mpaka karatasi inatoka nyuzi. Kila mstari ulikuwa na msimamizi nyuma yake.

Kisha dada yangu akasafiri, akaniachia binti yake wa miaka 5. Siku ya pili nilikuwa nimelala kifudifudi sakafuni, na wala sikuwa nacheza na mtoto. Nilikuwa nimeishiwa nguvu tu. Akaja na lori lake la bati lisilo na tairi moja la nyuma. Akalipandisha kwenye kisigino changu, likapanda kigimbi, likafika kiunoni, likakwama kwenye mkunjo wa shati. Nikamuuliza anafanya nini. Akanijibu bila hata kunitazama: "Mjomba, daraja haliongei."

Nikanyamaza. Lori likavuka. Likafuata jingine, kiatu cha mama yake kilichojaa vifungo vya nguo. Lilipofika mabegani nikaanza kutikisika, naye akapiga kelele kwa furaha: "Tetemeko! Tetemeko!" Kweli nilianza kwa kucheka. Katikati kikawa kilio, kile ambacho sikukilia siku ya mazishi kwa sababu nilikuwa nahangaika na viti vya wageni. Mtoto hakushtuka. Aliokota vifungo vyake, akasubiri tetemeko lipite, akaanza upya kutoka kisiginoni.

Jioni akaniomba nimchorie daraja lenye macho. Nikachora kwa krayoni butu nyuma ya bahasha. Kabla sijamaliza akachukua mkasi akatoboa tundu katikati, maji yapate kupita. Na mimi, mtu niliyekuwa nafuta mguu wa punda mara 30, nikamtazama tu akikata, roho imetulia. Ulikuwa mchoro wangu wa kwanza kukamilika tangu kile kikao, na ulikuwa na tundu.

Baadaye nilianza kusoma ili nielewe kilichonipata, nikakutana na kazi za Jaak Panksepp, mtafiti mzaliwa wa Estonia aliyefanya kazi Marekani. Alichunguza michezo ya panya. Panya wachanga wakiwekwa pamoja hukimbizana, hubingirishana, na hutoa mlio mwembamba wa furaha ambao sikio la binadamu haliwezi kuusikia bila chombo. Panksepp aliweka nywele chache za paka ndani ya kizimba chao. Panya wale hawakuwahi kumwona paka, lakini mchezo ulikoma palepale. Nywele zilipoondolewa, zilipita siku kadhaa kabla hawajacheza kama zamani.

Niliposoma hayo niliinuka kitini. Paka alishaondoka zamani. Yule mhariri hakuwa chumbani kwangu, wala hakuwa akinifikiria. Mimi ndiye niliyekuwa nimehifadhi unywele wake, na kila nikikaa mezani naunusa. Mapumziko hayakuuondoa, kwa sababu nilikuwa napumzika ndani ya kizimba kilekile.

Kwa hiyo shauri langu la kwanza, dada, na karibu ndilo pekee: tafuta mahali ambapo huo unywele haufiki. Usianze na wimbo. Wimbo ndipo harufu ilipo. Anza na kitu ambacho hakuna mtu atakayekipima, na wewe mwenyewe usikipime. Gonga vijiko. Imba majina ya vitu vilivyomo chumbani kwa sauti ya kizee, kisha kwa sauti ya chura. Usirekodi. Narudia, usirekodi, maana ukirekodi tu umeshamwita msimamizi. Michezo ya simu yenye alama na viwango siihesabu hapa. Hiyo nayo ina mtu anayekupima.

Kama unaona aibu kuanza peke yako, mwalike mtu. Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza aliyekuwa pia mtaalamu wa nafsi, alikuwa na mchezo aliowachezesha watoto waliomjia na huzuni. Anachora mstari wowote tu, ovyo, mtoto anaugeuza kuwa kitu. Kisha mtoto anachora wake, daktari anaugeuza. Hapakuwa na mshindi, na kupitia mikwaruzo hiyo mtoto alifikisha mambo ambayo asingeyatamka akiulizwa. Unaweza kufanya hivyo kwa sauti: mwenzako anatoa mlio, wewe unaupa mwendelezo. Mimi na mpwa wangu tumejaza madaftari manne.

Utaniambia wewe ni mtu mzima na una majonzi ya kweli. Basi msikilize Richard Feynman, mwanafizikia wa Marekani. Mkewe alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1945, na baba yake mwaka uliofuata. Akiwa mwalimu Chuo Kikuu cha Cornell alijiona amekwisha kabisa, hana wazo hata moja. Akaamua atacheza na fizikia kama alivyokuwa akicheza zamani, iwe na faida isiwe nayo. Siku moja, ukumbini pa chakula, mtu akarusha sahani juu. Feynman akaona inavyozunguka huku ikiyumba, akaenda kuupigia hesabu mwendo ule. Mwenzake Hans Bethe alipomuuliza umuhimu wake, alijibu kwamba hauna, anajifurahisha tu. Mwenyewe alisimulia kwamba mchezo ule ndio uliomrudisha kwenye maswali ya elektroni, yale yaliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1965.

Tumefundishwa vibaya, ndugu zangu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 unautambua mchezo kuwa haki, katika kifungu cha 31. Mtoto hapo ni aliye chini ya miaka 18. Nani alituambia kwamba ukifika 18 hitaji linakoma? Tunawanunulia watoto vitu vya kuchezea, kisha tunakaa pembeni tukiwatazama kama wagonjwa wanaotazama dawa ya mtu mwingine. Shuka sakafuni! Kubali kuwa daraja. Na kama giza linazidi na usingizi umekukimbia kabisa, muone mtaalamu pia. Mimi nilimuona, na sioni haya.

Mwezi uliopita mchapishaji mwingine aliupokea mswada wangu mpya: michoro 24, na kwenye ukurasa wa 9 kuna daraja lenye macho, tundu katikati. Hawakubadilisha hata mstari mmoja.

Dada, niandikie ukishagonga vijiko. Sitaki kusikia wimbo, niambie tu vilivyolia. Mimi kesho sitapatikana asubuhi. Mpwa wangu amenitumia ujumbe wa sauti: safari hii mimi ni mto, na nisisahau kuja na mashuka mawili.