Maswali yenu kuhusu 123,456,789

Wiki iliyopita niliwaachia namba hii, nikasema mwenye swali aulize. Nashukuru, mmeuliza kweli.

Mwalimu, shikamoo. Mwanangu wa darasa la sita anasema hii ni namba tasa kwa kuwa ni witiri na haiishii na 5. Ni kweli? (Mama muuza dagaa, Kibirizi)

Marahaba, mama. Si tasa. Jumlisha tarakimu zake zote, utapata 45, na 45 inagawanyika kwa 9. Basi namba nzima nayo inagawanyika kwa 9. Mwonyeshe kwa dagaa hapo hapo mezani: ahesabu 100, apange mafungu ya tisatisa. Yatatoka mafungu 11, abaki dagaa mmoja. Akianza na 10 anabaki mmoja, na 1,000 vilevile. Kwa hiyo dagaa 300 wataacha 3. Tarakimu, popote ilipokaa, inaacha idadi yake yenyewe; ndiyo maana kujumlisha kunatosha.

Nikizichanganya tarakimu hizo tisa, sipati tasa hata moja? (Kijana, Mwanga)

Hupati. Mipangilio iko 362,880, na jumla ni 45 kwenye yote.

Nimegawa kwa 9 nikapata 13,717,421. Nimejaribu namba tasa zote mpaka 97, imegoma. Niiite tasa? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Ujiji)

Usiiite bado, mwanangu, na hongera kwa kufika 97. Kwa njia hiyo ungepita mamia ya namba tasa kabla haijakubali. Mfaransa Fermat, wa karne ya 17, alituachia njia nyingine: tafuta vipeo vya pili viwili ambavyo tofauti yao ni namba yako.

Kipeuo cha pili cha 13,717,421 ni 3,703 na ushee, basi anza na 3,704. Kipeo chake cha pili ni 13,719,616. Toa namba yako, inabaki 2,195. Haifai, maana 46 × 46 ni 2,116 na 47 × 47 ni 2,209. Panda 3,705: kipeo chake ni 13,727,025. Toa tena, inabaki 9,604, ambayo ni 98 × 98 kamili! Tofauti ya vipeo vya pili viwili ni sawa na tofauti ya namba zenyewe mara jumla yake; basi chukua 3,705 toa 98, kisha 3,705 jumlisha 98, uzidishe:

3,607 × 3,803 = 13,717,421

Hatua mbili tu. Siku nilipoifanya kwa mkono wangu niliirudia mara tatu kwa furaha. Imefunguka upesi kwa sababu vigawo hivyo, ambavyo vyote ni tasa, vimekaribiana. Ndiyo maana wanaotengeneza funguo za siri za RSA, njia ya kuficha ujumbe kwenye intaneti, huepuka kuzidisha namba tasa mbili zilizokaribiana.

Nikiisoma kinyumenyume napata 987,654,321. Namba yako ya mwanzo inaingia humo mara ngapi? (Fundi cherehani, Kasulu)

Mara 8, inabaki 9. Fanya mwenyewe uone ilivyokaa.

Kuna mpangilio wa tarakimu hizo ninaoweza kuwapa wanafunzi wangu wautafute? (Mwalimu mwenzangu, Uvinza)

Upo, na ni mmoja tu: 381,654,729. Tarakimu mbili za mwanzo, 38, zinagawanyika kwa 2. Tatu, 381, kwa 3. Nne, 3,816, kwa 4. Hivyo hivyo mpaka zote tisa kwa 9. Usiwatajie jibu. Waambie tu kwamba ya tano lazima iwe 5, na kwamba ya pili, ya nne, ya sita na ya nane lazima ziwe shufwa, kisha uwape chaki.