Mbona nyimbo za kanda za baba zinanichosha nikizisikiliza leo?

SWALI: Habari fundi. Marehemu baba alikuwa na kaseti nyingi za muziki wa dansi. Nyingi alizirekodi mwenyewe kutoka redioni miaka ya sabini na themanini, kwa redio kaseti yake ya spika moja. Mwaka jana nilizipeleka kwa mtu mjini akanihamishia nyimbo kwenye flashi. Sasa nikizipiga kwenye spika ya bluetooth, baada ya nyimbo mbili tatu nachoka, natamani nizime. Mama alisikiliza kidogo akasema, "Huu siyo wimbo ule. Gitaa la pili liko wapi?" Wakati enzi za baba redio ilikuwa inakwaruza vibaya na bado tulicheza mpaka usiku. Je, ni masikio yetu, ni kumbukumbu tu, au kweli sauti ina kasoro? Na nikizigeuza ziwe MP3 za kilobiti 320 zitapona? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa kuondokewa na mzee, na nifikishie shikamoo yangu kwa mama. Mwambie masikio yake ni mazima. Gitaa la pili limepotea kweli, na kwa maelezo yako nina hakika halikupotea studio wala redioni. Limepotea siku ile kanda ilipohamishwa.

Kwanza nikueleze kwa nini enzi za mzee mlicheza, maana hapo ndipo siri ilipo. Redio ya mawimbi ya kati hubeba sauti nyembamba sana. Stesheni za mawimbi hayo huku Afrika zimepangwa kwa nafasi ya kilohezi 9, hivyo muziki unaopita haufiki mbali zaidi ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 4,500 hivi, wakati sikio la kijana husikia tangu hezi 20 mpaka kama 20,000. Ukiangalia tarakimu peke yake utasema baba yako hakuwa anasikia kitu. Lakini noti zenyewe za muziki zinakaa chini: noti ya juu kabisa ya gitaa la solo haifiki hezi 1,400, na sauti za waimbaji ziko chini ya hapo. Kwa hiyo wimbo wote ulipita. Kilichobaki nje ni ule mng'aro wa juu kabisa, hasa wa sahani za dramu.

Na besi je? Uzi mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutoa hezi 41. Spika ya redio kaseti haiwezi kutoa sauti hiyo hata kidogo. Lakini uzi ule hautoi 41 peke yake. Hutoa pia 82, 123, 164 na kuendelea. Sikio likizipata hizo za juu zikiwa safi na kwa mpangilio wake, akili hujaza yenyewe ile ya chini iliyokosekana, nawe unaapa umeisikia besi. Hii ni kazi ya ajabu ya sikio, na mimi mpaka leo, baada ya miaka yote hii kwenye meza ya ufundi, bado inanishangaza.

Kwa hiyo shika hili: kilichopungua kwa utulivu, sikio hujaza. Tatizo ni kilichoongezwa.

Chukua santuri za Siti binti Saad. Alisafiri mwaka 1928 kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi na kampuni ya santuri ya HMV, miaka mitatu tu tangu kampuni za santuri zianze kutumia maikrofoni ya umeme mwaka 1925. Kila upande wa santuri ulichukua kama dakika tatu, ikizunguka mara 78 kwa dakika, na sindano ya chuma ikisaga mtaro. Ukiisikiliza leo, mchakacho ni mwingi. Lakini baada ya nusu dakika unaanza kuusahau, kama unavyoisahau mvua ya bati mnapoongea ndani ya nyumba. Mchakacho uko pale na sauti ya Siti iko hapa. Ni vitu viwili, na sikio linajua kuvitenganisha. Zaidi ya miaka 90 imepita na bado mtu anatokwa na machozi.

Sasa linganisha na sauti iliyorekodiwa kwa nguvu kupita kiasi. Mhamishaji anaona mshale haujafika juu, anaongeza, mawimbi yanagonga dari, yaani kikomo cha sauti ambayo mashine inaweza kubeba, na vichwa vyake vinakatwa. Hapo haikatwi sauti ya juu tu, zinazaliwa sauti mpya ambazo hakuna mtu aliyezipiga. Magitaa mawili yakipiga pamoja hezi 440 na 523, yaani La na Do, ukataji huo unazaa, pamoja na nyingine, hezi 357 na 606. Zitafute kwenye kinanda, hazipo. Haziko kwenye skeli yoyote ya wimbo ule. Na kwa kuwa zinabadilika kila noti inapobadilika, sikio haliwezi kuziweka pembeni kama mvua. Zimo ndani ya gitaa, ndani ya koo la mwimbaji. Unakaa unasikiliza huku akili inahangaika kusafisha, kila sekunde, bila wewe kujua. Uchovu unaousema baada ya nyimbo mbili tatu, mimi nauona kwa wateja kila wiki, na mara nyingi unatoka hapo.

Nije kwenye gitaa la mama.

Kanda ya kaseti hutembea polepole mno, sentimita 4.76 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, wimbi moja la sauti ya hezi 10,000 limeandikwa kwenye kanda kwa urefu usiofika hata mikromita 5. Unywele wako ni mnene kuliko hapo mara nyingi. Kichwa kinachosoma kanda kina mwanya mwembamba unaotakiwa kusimama wima kabisa. Kikilala nusu digrii tu, upande wa juu wa mwanya unasoma wimbi moja na upande wa chini unasoma linalofuata, vinauana. Sauti za juu zinazimika, wimbo unakuwa kama unapigwa ndani ya blanketi.

Sasa redio kaseti ya mzee, kama zilivyo nyingi za majumbani, kichwa chake bila shaka kilikuwa kimelala kidogo, na mota yake labda ilikimbia au kuchelewa kidogo. Lakini ilirekodi na kucheza kwa ulemavu uleule! Kichwa kilicholala kilisoma maandishi yaliyoandikwa na kichwa kilicholala vilevile, vikakutana sawasawa. Ndiyo maana nyumbani kwenu zilisikika vizuri. Siku kanda ilipotoka kwenye mashine yake ikaingia kwenye dekki ya mtu mwingine, hata kama dekki hiyo ni nzuri na ya bei, mambo hayakukutana tena.

Wiki mbili zilizopita mzee mmoja aliniletea kanda ya namna hiyo. Nikaiweka, ikalia butu. Tumba zilisikika kama mtu anagonga godoro. Nikachukua bisibisi ndogo ya nyota, nikaingiza kwenye tundu lililo juu ya kichwa, nikaanza kuizungusha skrubu taratibu huku kanda inatembea, chini ya robo mzunguko. Sauti ikafunguka kama mlango. Kwanza zikaja sahani, halafu ncha ya vidole kwenye ngozi ya tumba, halafu nyuma kabisa gitaa dogo lililokuwa linajibizana na solo wakati wa chemko, ile sehemu wimbo unapochangamka. Mzee alikuwa ameshika kikombe cha chai, akakiweka chini. Alitaja jina la mpigaji.

Hilo ndilo gitaa analoliuliza mama. Kwenye dansi letu, gitaa la pili na rizimu hukaa karibu sana kwa noti. Kinachoyatenganisha sikioni si urefu wa noti bali ile ncha kali ya kidole kinapoachia uzi. Ncha zikifutika, magitaa matatu yanakuwa uji mmoja. Ndipo watu husema "muziki wa zamani ulikuwa wa kawaida tu." Haukuwa wa kawaida, hawajausikia.

Kwenye taarabu madhara ni mengine, na kwangu mimi ni mabaya zaidi, maana pale tunakula maneno. Herufi kama s, f na th zinatofautishwa na upepo wa juu, hezi 4,000 na kupanda. Ukifuta huo, "thamani" na "samani" zinakuwa neno moja. Msikilizaji anabaki na fidla na ile ala ya nyuzi iitwayo kanuni, fumbo limempita.

Mengine nitayapitia haraka. Sikiliza kama waimbaji wana sauti nyembamba za kitoto au wamezembea. Mota mbili zikitofautiana kwa asilimia 6 hivi, wimbo mzima umepanda au kushuka nusu tuni. Sikiliza pia kama nyuma ya sauti kuna mlio wa maji yanayobubujika. Hiyo ni programu ya kuondoa kelele iliyokazwa mno, imeondoa na nyama pamoja na mfupa. Mimi kelele ya kanda naiacha. Na kama spika yako ya bluetooth ina koni moja, inachanganya kushoto na kulia. Kanda iliyosomwa na kichwa kilicholala, pande zake zinapishana, zikichanganywa zinauana zaidi, na safari hii kifo kinashuka mpaka kwenye zile ncha za gitaa. Jaribu wimbo huohuo kwa hedifoni za waya. Ukisikika wazi zaidi, umeshajua tatizo mojawapo.

Ukitumia sabufa au spika mbili za waya, hakikisha nyaya hazijapishana. Chomoa nyaya za spika, gusisha betri ndogo ya volti 1.5, chanya kwa chanya, kwa sekunde moja tu. Koni inatakiwa isukumwe mbele. Moja ikienda mbele na nyingine ikirudi nyuma, besi na sauti ya mwimbaji zitakuwa zinafutana hapo sebuleni kwenu, na hakuna faili zuri litakalokusaidia.

Kuhusu kilobiti 320: hapana, hazitapona. MP3 hukata muziki vipande vya takriban milisekunde 26, ikakadiria kila kipande sikio halitagundua nini kikitupwa, ikakitupa. Sauti ya CD ni kilobiti 1,411 kwa sekunde. Ukiibana mpaka 128, kazi kubwa inafanyika lakini wengi hawagundui. Ukiibana mpaka 64, kama wanavyofanya wengi ili flashi ichukue nyimbo nyingi, pigo la tumba linaanza kutanguliwa na kivuli chake na sahani zinalia kama mchanga ndani ya maji. Kilichotupwa kimetupwa. Kuligeuza faili hilo kuwa 320 ni kuhamisha maji ya kikombe kwenye ndoo. Ndoo ni kubwa, maji ni yaleyale. Tena unalibana mara ya pili, unaongeza uharibifu.

Dawa ni kurudi kwenye kanda. Kama redio kaseti ya mzee bado ipo hata stoo, usiitupe, hata kama hailii. Mota na mkanda wa mpira vinaweza kutengenezwa, na hiyo ndiyo mashine inayozijua kanda hizi kuliko dekki yoyote duniani. Kama haipo, mtafute fundi atakayekubali kurekebisha kichwa kwa kila kanda, tena kwa kila upande, huku akisikiliza. Akikwambia kazi ya kanda ishirini itaisha leo jioni, chukua kanda zako uondoke. Mwambie arekodi kwa WAV, faili lisilobana sauti, sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16. Dakika moja ya stirio ni kama megabaiti 10, kaseti nzima ya dakika 60 ni kama megabaiti 600. Sauti kubwa kabisa isipite desibeli 6 chini ya dari. Kichwa na rola visafishwe kwa spiriti na pamba kabla ya kila kanda. Faili hizo zihifadhi sehemu mbili tofauti, na MP3 za kusikiliza kwenye simu zitoke humo, za kilobiti 192 au zaidi. Ukitaka kumtumia ndugu kwa WhatsApp, tuma kama hati. Usirekodi kwa sauti ya ujumbe, ile imetengenezwa kwa maongezi.

Kabla hujapeleka chochote, zifungue kaseti moja moja uangalie kanda kwa mwanga wa dirisha. Tanga kuna joto na unyevu wa bahari. Ukiona vumbi jeupe pembezoni mwa kanda, huo ni ukungu. Hiyo usiicheze popote, hata kuijaribu, itachafua kichwa na kuambukiza nyingine. Itenge kwenye mfuko wake, ikae pakavu, fundi aisafishe kwanza.

Anza na kanda moja tu, ile anayoipenda mama. Ikirudi, mpigie kwenye spika mbili, sauti ya wastani, bila kumwambia kitu, halafu subiri chemko.