Titani imetoka bluu kisha ikakatika: kosa liko wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina karakana Mwanjelwa, Mbeya. Mzungu aliyekuwa akielekea Tunduma kwa baiskeli aliniletea fremu ya metali ya titani iliyopasuka. Nimeichomelea kwa TIG (uchomeleaji wa umeme unaokingwa na gesi), kwa gesi ileile ya agoni ninayotumia kwenye stenlesi, na weldi ikatoka bluu ya kupendeza. Alipoipanda tu, ikakatika pembeni ya weldi. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo bluu ndiyo ugonjwa wenyewe. Kwenye stenlesi tumezoea kuisifu, lakini kwenye titani inakuambia hewa imeingia.

Titani huyeyuka kwenye nyuzi 1,668 za Selsiasi, na hadi ishuke chini ya nyuzi 430 hivi inaendelea kunyonya oksijeni na nitrojeni. Hewa hiyo haibaki juujuu. Inazama ndani na kuifanya ikakamae, ikatike kama kigae. Agoni ya tochi yako ilifunika pale ulipokuwa unayeyusha tu. Ulipokwenda mbele, nyuma yako kulibaki kwekundu, na upepo ukafanya kazi yake. Ndani ya bomba la fremu nako kulikuwa na hewa tupu, na sidhani kama ulipafikiria.

Kwa hiyo unahitaji agoni sehemu tatu. Kwenye tochi, funga kauri (pua ya tochi) pana yenye lenzi ya gesi, yaani kichujio cha wavu kinachotuliza gesi, na gesi usiifungulie kwa nguvu, maana gesi ikivurugika inavuta hewa. Nyuma ya tochi, tengeneza kijisanduku cha bati la stenlesi kilichopinda kufuata bomba, ukishindilie wavu mwembamba wa stenlesi, ukiunganishe na mpira wake wa gesi. Kitafunika weldi inapopoa. Ndani ya bomba, ingizia agoni kwa chini na uache tundu dogo juu, kwa kuwa agoni ni nzito kuliko hewa na itaisukuma itoke. Subiri ijae kabla ya kuwasha. Ukimaliza, tochi isiondoke: gesi iendelee sekunde 20 au zaidi. Ncha ya rodi ya kujazia weldi ikitoka kwenye gesi ikiwa ya moto, ikate.

Asubuhi za Juni na Julai huko kwenu chuma hulala na umande. Kikaushe kwa joto la taratibu kwanza, kisha futa kwa asetoni na kitambaa safi, na baada ya hapo usikiguse kwa mkono mtupu. Brashi ya stenlesi uitenge, itumike kwenye titani peke yake.

Upepo uzuie kwa turubai pande tatu, lakini tafadhali usijifungie ndani ya chumba. Agoni haina harufu, inakaa chini na kumnyima mtu pumzi bila yeye kujua.

Weldi iliyoharibika usiipake msasa ukaitegemea. Rangi itaondoka, udhaifu utabaki. Kata sehemu yote iliyobadilika mpaka ukute titani safi. Kabla ya kurudi kwenye fremu, chomelea vipande viwili vya taka, vibane kwenye jiliwa na uvikunje. Weldi ing'ae kama fedha. Manjano hafifu ya majani makavu inavumilika. Zambarau, bluu, kijivu au unga mweupe, anza upya.