Udongo hunyonya, hufyonza au hunywa maji?

SWALI: Sisi wakazi wa Mwariki, Nakuru, tunaiandikia kaunti kuhusu maji ya mvua yanayotuingilia nyumbani tangu nyua na vijia vijazwe kabro, yale matofali ya saruji ya kutandika chini. Niliandika: "Udongo umeshindwa kunyonya maji." Mwenzangu anataka "kufyonza", mwingine "kusharabu". Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu yangu, yote matatu ni Kiswahili, ila hayana uzito mmoja. Anayenyonya huvuta kilicho cha mwingine: mtoto kwa mamaye, kupe kwa ng'ombe. Mzizi hunyonya maji udongoni. Udongo haumnyonyi mtu. Kufyonza kuna nguvu ya midomo, kama unavyofyonza uboho mfupani. Kusharabu kunafaa, na asili yake ya Kiarabu ni kunywa (sharubati ni nduguye), lakini kwetu bara neno hilo limebaki vitabuni.

Mimi ningeandika kunywa, neno ambalo kila mzee barazani atalielewa. Chungeni tu ile ku-: udongo unakunywa, umekunywa, lakini haunywi, na uachwe unywe.

Kinachoniuma zaidi ni hilo "umeshindwa". Mnausingizia udongo! Udongo wa Nakuru una majivu ya volkano, nao hunywa upesi. Mwaga kikombe cha maji penye shamba lililolimwa chini ya mlima wa volkano wa Menengai, uone yanavyotoweka. Udongo mweusi wa Kano, kule Kisumu, ndio ambao ukilowa huvimba na kujifunga. Huo hushiba kweli, na maji yakatuama juu yake. (Kutuama ni kutua kulikoongezwa -ama, kama kukwama na kuinama: maji yametua, hayaondoki.)

Wenu haujashiba. Umezibwa. Tena si "umeziba", kana kwamba umejifunga wenyewe. Ile -w- inadai mtendaji, naye yupo: kabro, saruji na mapaa ya mabati. Maji yaliyonyimwa njia ya chini hufuata mteremko hadi Ziwa Nakuru, ziwa lisilo na mto wa kutokea, yakipitia milangoni mwenu. Maji yaliyo chini ya ardhi, yanayolisha visima, nayo hukosa fungu lake.

Basi andikeni hivi: "Udongo wa mtaa wetu umezibwa kwa kabro na saruji, hivyo haunywi tena maji ya mvua. Tunaomba nafasi ziachwe wazi katika nyua na kandokando ya barabara, udongo upate kunywa."